Shafti imekatika mara mbili: usome mvunjiko kabla ya kununua nyingine

Swali: Assalamu alaikum, Bwana Mhandisi. Nina boti ya mbao yenye injini ya dizeli ya ndani, na kazi yangu ni kubeba abiria na mizigo baina ya Lamu na Faza. Injini naizungusha 1,800 kwa dakika, giaboksi ni ya mbili kwa moja, na hutembea saa nne hivi kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Shafti ya kwanza ilikatika mwaka jana wakati wa kusi. Hiyo fundi aliwahi kuijaza kwa kuchomelea pale ilipolika kwenye beringi ya nyuma, kisha akaikereza upya. Ya pili ilikerezwa mpya Mombasa, chuma cha kawaida cha milimita 40, nayo imekatika baada ya miezi saba, pale kitovu cha rafadha (propela) kinapoanzia. Fundi wangu asema chuma ni kibovu. Walioitengeneza wasema niligonga fungu. Ni kweli kwamba miezi miwili kabla niligusa chini pale Mkanda maji yakiwa yamekupwa, bawa moja la rafadha likapinda, tukalinyosha kwa nyundo. Lakini siku shafti ilipokatika bahari ilikuwa shwari na mzigo ulikuwa mdogo. Picha za vipande nimezituma. Kosa ni la nani? Ninunue nene zaidi, au ya stenlesi? Kuna namna ya kuipima shafti mpya nijue itadumu? Na je, naweza kutumia ya akiba iliyotoka kwenye boti kuukuu ya ami yangu?

Jibu: Waalaikum salaam, Nahodha. Umefanya jambo la maana sana kuvihifadhi vipande vyote badala ya kuviuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu uso wa chuma kilichovunjika ni ushahidi uliojiandika wakati jambo lenyewe likitendeka, na hauna upande baina ya fundi na mtengenezaji. Kwa ninayoyaona katika picha zako, shafti ya pili imekufa kwa uchovu wa chuma: ufa mdogo ulianza kwenye pembe ya mfereji wa kabari, ile kabari inayoifunga rafadha isizunguke peke yake, ukakua kidogo kidogo huku boti ikiendelea na kazi, mpaka chuma kilichobaki kikashindwa kubeba hata safari ya kawaida. Kilichoukuza ni kupindwa kwa shafti upande wa tezi katika kila mzunguko. Chanzo cha kupinda huko kingali ndani ya boti yako, na shafti yoyote utakayoitia leo, iwe ya bei gani, itaurithi ugonjwa huo siku ya kwanza.

Nieleze nilivyofika hapo, ili nawe uweze kuhakiki kwa macho yako kipande kikiwa mkononi. Mvunjiko ni bapa na umeikata shafti kwa kukingama, kwa pembe mraba na urefu wake. Sehemu kubwa ya uso, kwa kukadiria robo tatu au zaidi, ni laini na imepitiwa na mistari iliyopinda, mmoja baada ya mwingine, kama ile ambayo maji huiacha kwenye mchanga yanapokupwa. Kila mstari ni mahali ufa ulipotua au ulipobadilisha mwendo: boti ilipolala, mzigo ulipozidi au kupungua, kutu ilipopata nafasi ya kufanya kazi yake. Ukiifuata mistari hiyo kinyumenyume, kutoka ile mipana kwenda ile midogo, inakurudisha kwenye pembe ya chini ya mfereji wa kabari, na hapo kutu ni nyeusi kuliko kwingine kwa kuwa uso huo ndio uliotangulia kufunuka na kukaa na maji ya chumvi. Ukingoni zinaonekana ngazi ndogo ndogo. Hizo ni alama kwamba nyufa kadhaa zilianza karibu karibu kisha zikaungana, jambo ambalo hutokea pale pembe kali inapokusanya mkazo mwingi mahali padogo. Mwisho, upande wa pili, kuna eneo dogo lenye chembechembe, lisilo na mistari. Hilo ndilo lililokatika siku ile, kwa mara moja.

Eneo hilo dogo ndilo linalomjibu fundi wako. Shafti ambayo imebakiwa na robo tu ya chuma chake, au chini ya hapo, na bado inaisukuma boti yenye abiria hadi Faza, haiwezi kuitwa chuma dhaifu. Mafundi wengi wakiona zile chembechembe husema kwamba chuma kimegeuka kikawa kama cha kumiminwa kwenye kalibu, na dhana hiyo ina umri mrefu. Tarehe 8 Mei 1842 ekseli ya garimoshi ilivunjika karibu na Versailles, Ufaransa, mabehewa yakawaka moto na watu zaidi ya 50 wakafa, na wahandisi wengi wa wakati ule waliamini kuwa mtikisiko hubadilisha chuma kutoka cha nyuzinyuzi kuwa cha chembe. Mwaka uliofuata William Rankine, mhandisi wa Uskoti, alieleza kutokana na ekseli zilizovunjika kwamba ufa huingia polepole kuanzia kwenye pembe kali ya bega la ekseli, na akashauri bega hilo lichongwe kwa mviringo. Chembechembe ni sura ya chuma kilichokatika ghafla tu; chuma kizuri kabisa huonyesha sura hiyo hiyo. Hata hivyo picha haipimi ubora, na ukitaka kuifunga hoja hii bila ubishi, peleka kipande kifupi kwenye maabara ya uhandisi wa mitambo kipimwe ugumu. Kipimo hicho ni chepesi, na kwa vyuma vya kawaida ugumu wa Brinell ukizidishwa kwa 3.45 hukupa takriban nguvu ya chuma kabla ya kukatika, kwa megapaskali. Ukiambiwa 180, hiyo ni karibu megapaskali 620, na chuma cha namna hiyo kinatosha kwa kazi yako.

Hoja ya waliokuuzia inahitaji kutenganishwa vipande viwili. Kama shafti ingekatwa na pigo la fungu, ingekatika pale pale Mkanda, na uso wake ungekuwa na sura nyingine: chuma laini kinachokatwa kwa msokoto wa mara moja huacha uso ulioburutwa kwa duara, na alama za kukerezea zilizo nje yake huonekana zimesokotwa, ilhali chuma kigumu kikikatika kwa msokoto hufunguka kwa mshazari wa digrii 45 hivi. Chako hakina hata moja ya dalili hizo. Lakini lile bawa lililopinda na kunyoshwa kwa nyundo siwezi kuliacha lipite. Bawa moja likiwa na mshazari tofauti na wenzake, halisukumi maji sawa nao, na tofauti hiyo huivuta shafti upande mmoja kila inapozunguka. Fungu halikuikata shafti, ila linaweza kuwa limeleta kilichoikata.

Tufanye hesabu, maana uchovu wa chuma hauhesabiwi kwa miezi, unahesabiwa kwa mizunguko. Injini ya 1,800 kwa giaboksi ya mbili kwa moja huzungusha shafti mara 900 kwa dakika, yaani mara 54,000 kwa saa. Kwa saa nne ni 216,000 kwa siku, na kwa siku 25 ni 5,400,000 kwa mwezi. Shafti yako kwa miezi saba ilizunguka karibu mara milioni 38, na kati ya hizo karibu milioni 11 zilipita baada ya bawa kupinda. Ikiwa kuna kitu kinachoipinda shafti, hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, kila mzunguko mmoja huivuta na kuibana ngozi ya chuma mara moja, kwa sababu upande uliokuwa juu unahamia chini na kurudi tena juu.

Hapa ndipo kazi ya August Wöhler, mhandisi wa reli wa Ujerumani, ingali na faida kwa nahodha wa Lamu. Katika miaka ya 1850 na 1860 alitengeneza mashine za kuzungusha ekseli huku zikiwa zimepindwa kwa uzito unaojulikana, akahesabu mizunguko mpaka zikatike, na majumuisho yake yalitolewa mwaka 1870. Alionyesha kwamba mkazo ulio chini sana ya nguvu ya chuma unaweza kukivunja ukirudiwarudiwa, na kwamba chuma cha kawaida kikiwa hewani kina kikomo: mkazo ukiwa chini yake, na kipande kikavuka mizunguko milioni kumi hivi, kwa kawaida hakitavunjika tena. Kwa kipande kilichong'arishwa vizuri kikomo hicho ni karibu nusu ya nguvu ya chuma. Sasa angalia shafti yako: ilivuka milioni kumi mwezi wa pili, ikaendelea, kisha ikavunjika. Kuna maelezo mawili, na nadhani yote mawili yamefanya kazi pamoja. La kwanza ni kwamba mkazo ulipanda baadaye, bawa lilipopinda. La pili ni kwamba shafti yako haifanyi kazi hewani.

Maji ya chumvi hukiondoa kile kikomo. Chuma cha kawaida kinachopindwa ndani ya bahari hakina mkazo mdogo ambao ni salama milele; kutu huchimba vishimo vidogo, kila kishimo huwa mwanzo wa ufa, na ndani ya ufa maji hula ncha yake ambayo kila mzunguko huifungua upya. Tena kuna adui mwingine anayejificha ndani ya kitovu cha rafadha. Kitovu kisipokaa imara juu ya ile sehemu ya shafti iliyochongoka, vyuma viwili husuguana kwa mwendo mdogo mno, na mahali hapo hutokea unga mwekundu wa kahawia. Msuguano huo peke yake unaweza kupunguza uwezo wa shafti wa kustahimili uchovu kwa nusu au zaidi. Katika picha ya nne naona madoa ya rangi hiyo kuzunguka mwanzo wa mchongoko. Pitisha kidole hapo ukitazame: ukipata unga mkavu mwembamba, basi rafadha haikukaa sawasawa tangu ilipofungwa.

Kwa hiyo, kosa ni la nani? Mtengenezaji ana sehemu yake, na ningeizungumza naye waziwazi nikiwa na kipande mkononi. Mfereji wa kabari umechongwa na pembe za chini kali kabisa, na umeachwa uende hadi mwanzo wa mchongoko, mahali ambapo shafti inapindwa zaidi kuliko kwingine. Ungepaswa kuishia kabla ya hapo, ncha yake ipande taratibu hadi juu badala ya kukoma kwa ukuta wima, na pembe za chini ziwe na mviringo unaoonekana kwa jicho, huku kingo za kabari zikipigwa tupa kidogo zisiupande mviringo huo. Kazi hii haiongezi gharama ya maana. Fundi anayetumia kisu cha duara kinachoingia kutoka juu huipata ncha inayopanda taratibu bila hata kuitafuta, ilhali yule anayetumia kisu cha kidole huacha ukuta. Mwambie hivyo kabla hajaanza nyingine. Sehemu iliyobaki ni ya boti yenyewe na ya rafadha, nayo iko mikononi mwako.

Shafti ya kwanza ni kisa tofauti, na ningeomba usiviunganishe. Hiyo ilikatika sentimita chache mbele zaidi, kwenye ukingo wa pale palipojazwa kwa kuchomelea. Kuijaza shafti inayozunguka kwa kuchomelea ni jambo linalofanywa kila mahali pwani yetu, na ninalipinga kwa nguvu zangu zote katika boti ya abiria. Chuma kilichoyeyuka kikipoa hujikunja, kikaiacha ngozi ya shafti imevutwa tayari kabla haijabeba mzigo wowote. Ukanda unaopakana nacho huwa mgumu na mwepesi kukatika, hasa chuma kikiwa na kaboni ya kutosha. Na pembeni hubaki vitundu na mikwaruzo ambayo kukereza juu juu hakuvimalizi. Tarehe 27 Machi 1980, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norwei, jukwaa la baharini la wafanyakazi wa mafuta lililoitwa Alexander L. Kielland lilipinduka na watu 123 wakafa. Uchunguzi ulifuata ufa hadi kwenye mshono wa kuchomelea wa milimita 6 tu, ulioshikilia kipande kidogo cha kubebea chombo cha kusikilizia sauti majini, juu ya mhimili mmoja wa jukwaa. Mhimili huo ulikatika kwa uchovu, mingine ikafuata, mguu mzima ukang'oka. Shafti ikilika kwenye beringi, ibadilishe, au mwambie fundi apange beringi ikutane na sehemu nyingine ya shafti ambayo bado nzima.

Sasa tutafute kinachopinda. Mahali palipovunjika pana maana: injini ikiwa haikupangwa sawa na shafti, mara nyingi shafti huvunjika upande wa mbele, karibu na kapulingi ya giaboksi, na ikivunjika kwenye rafadha washukiwa wa kwanza wako nyuma. Ningeanza na beringi ya nyuma. Siku boti ikiwa imepandishwa pwani, ishike rafadha kwa mikono miwili uinyanyue na kuishusha. Ukisikia ikigonga, beringi imekwisha, na shafti imekuwa ikicheza ndani yake. Pima pia umbali kutoka mwisho wa beringi hiyo hadi mwanzo wa kitovu. Kanuni inayofuatwa na watengenezaji wa boti ni kwamba umbali huo usizidi unene wa shafti yenyewe, yaani kwako milimita 40, kwa sababu kila sentimita inayozidi humwongezea nguvu yule anayeipinda. Katika picha ya boti nzima naona nafasi inayotosha kupitisha mkono, na hilo limenitia wasiwasi kuliko jambo lingine lote.

Halafu rafadha. Bawa lililonyoshwa kwa nyundo lirudishwe kwa fundi mwenye vipimo vya mshazari, alilinganishe na mengine, kisha apime kama uzito wa rafadha nzima uko sawa pande zote ikiwa juu ya kigongo kilichonyooka. Hata rafadha nzuri hupokea maji yasiyo sawa ikifanya kazi nyuma ya fashini nene isiyochongwa, kwani kila bawa likipita kwenye kivuli cha mbao hupoteza nguvu kisha huipata tena. Ukiwa na fundi seremala mzuri wa Matondoni, mwombe azipunguze kingo za mbao mbele ya rafadha zielekee nyuma taratibu, maji yapite. Wakati wa kuifunga, rafadha isuguliwe kwanza juu ya mchongoko kwa unga wa kusagia valvu mpaka ikae kila mahali, isafishwe, itiwe bila kabari, na uweke alama pale kitovu kinapofikia. Kisha itoe, tia kabari, uirudishe. Isipofika kwenye alama ile ile, kabari ndiyo inayoishikilia na kitovu kinaelea, na hapo umeshajua ule unga mwekundu ulikotoka. Nafasi iliyobaki uizibe kwa grisi maji yasiingie, na zinki za kulinda shafti zisiachwe kuisha, maana rafadha ya shaba juu ya shafti ya chuma huila shafti.

Upangaji wa injini upime mwisho, na uupime boti ikiwa majini. Boti ya mbao iliyopandishwa pwani hukaa juu ya magogo kwa namna tofauti na inavyobebwa na maji, mkuku hubadilika kidogo, na vipimo vilivyochukuliwa nchi kavu hudanganya. Iache ielee siku moja au mbili, iwe na mzigo unaokaribia wa kawaida, fungua bolti za kapulingi, zikutanishe nyuso mbili, kisha upime mwanya juu, chini, kulia na kushoto kwa geji ya mwanya. Kwa kapulingi ya milimita 100, tofauti isizidi milimita 0.1. Geuza uso mmoja nusu mzunguko upime tena: mwanya mpana ukihama pamoja na uso huo, shafti au kapulingi imepinda, ukibaki mahali pake, injini ndiyo inayohitaji kusogezwa.

Umeuliza kuhusu unene. Jibu linategemea kinachopinda. Kama ni nguvu, kwa mfano uzito wa rafadha unaoning'inia au bawa lisilo sawa, mkazo hupungua kwa mchemraba wa unene: kutoka milimita 40 hadi 45 mkazo huteremka hadi asilimia 70 hivi, na hiyo ni faida kubwa. Lakini kama injini imekaa kombo na shafti inalazimishwa kufuata kombo hilo, shafti nene haikubali kupinda, na mkazo katika ngozi yake huongezeka kwa kadiri ya unene; zile zile milimita 45 zitakupa mkazo uliozidi kwa asilimia 12 hivi. Ndiyo maana wako wenye boti wanaotia shafti nene kila inapovunjika, na kila mara inavunjika upesi zaidi. Usinunue unene kabla ya kupima kapulingi.

Stenlesi nayo ina sharti lake. Aina ya 316, yenye molibdeni, huvumilia chumvi kuliko 304, ila zote mbili hulindwa na utando mwembamba unaohitaji oksijeni ya maji yanayotembea. Ndani ya beringi na chini ya pakingi, ile inayozuia maji kuingia pale shafti inapopita, boti ikilala wiki kadhaa, maji husimama, utando hufa, na chuma huchimbika vishimo vya ndani ambavyo kwa nje ni kama nukta ya sindano. Boti inayotembea kila siku kama yako ni rafiki wa stenlesi. Ile inayofungwa muda mrefu wakati wa kusi siyo. Ukiichagua, chagua 316, na usidhani kwamba kutoshika kutu kunamaanisha haichoki.

Kuhusu kuipima shafti mpya, nitasema wazi kwamba hakuna mtu anayeweza kukupa hati kuwa shafti hii moja itadumu miaka kadhaa. Kipimo cha uchovu humaliza kipande kinachopimwa. Viwanda hupima vipande vingi vya aina moja mpaka vivunjike, na hata vikiwa vimetoka katika fimbo moja ya chuma, umri wao hutofautiana mara kadhaa. Kuining'inizia mzigo mzito mara moja kunathibitisha tu kwamba haitakatika leo. Na hata mashine ya maabara inayozungusha kipande hewani kwa siku chache haisemi mengi kuhusu bahari, kwa kuwa kutu inahitaji muda, na kipimo kilichoharakishwa huinyima muda huo. Matokeo yake huwa mazuri kuliko yatakayoonekana majini. Kinachowezekana, na ambacho kitakulinda kweli, ni kupima vitu viwili: unyofu wa shafti kabla ya kuingia, na nyufa zake kila boti inapopandishwa.

Unyofu hupimwa kwenye mashine ya kukerezea kwa saa ya kupimia, shafti ikizungushwa polepole kwa mkono. Kwa nyufa, kuna rangi ya kupenya inayouzwa katika makopo: sehemu husafishwa kwa kutoa grisi yote, hupuliziwa rangi nyekundu, huachwa dakika kumi au zaidi, hufutwa kwa kitambaa, kisha hupuliziwa unga mweupe, na ufa hujichora kwa mstari mwekundu. Usipoipata, mafundi wa reli wa zamani walitumia mafuta ya taa na chaki, na njia hiyo ingali inafanya kazi: ipake sehemu mafuta ya taa kwa wingi, iache yaingie, ifute mpaka ikauke kabisa, ipake unga wa chaki, igonge kidogo kwa nyundo ya mbao, usubiri. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka na kuulowesha unga. Angalia mwanzo wa mfereji wa kabari, mizizi ya nyuzi za nati, mwanzo wa mchongoko, na kingo za pale beringi inapokaa. Boti yako unaipandisha wakati wa bamvua kuisugua na kuitia kalafati; rafadha itolewe wakati huo huo. Nisingeiacha ipite zaidi ya miezi mitatu katika mwaka wa kwanza, mpaka tujue chanzo kimeondoka.

Katika muda huo, funga pete imara ya bolti juu ya shafti ndani ya boti, mbele ya pakingi, ili ikikatika upande wa giaboksi isiteleze nje na kuacha wazi bomba inamopita, maji yakaingia, na uweke karibu kizibo cha mbao kilichochongwa kwa kipimo cha bomba hilo. Unabeba watu. Hili lifanyike kabla ya mengine yote.

Vipande vyako vioshe kwa maji matamu, vikaushe, vipake mafuta mepesi, uvifunge kila kimoja peke yake. Usivikutanishe kujaribu kama vinaingiana, na usivipitishe brashi ya waya wala msasa, kwa sababu mistari ile ni myembamba na kugusana mara moja kunaifuta.

Imebaki shafti ya ami yako. Chuma kilichochoka hakipumziki. Mizunguko kiliyokwisha kubeba hubaki ndani yake hata kikikaa ghalani miaka, na hakuna anayejua shafti hiyo ilipindwa kiasi gani. Ikiwa ni ndefu kuliko yako kiasi cha kuweza kukatwa mchongoko wote wa zamani pamoja na sehemu iliyokaa kwenye beringi ya nyuma, na chuma kilichobaki kikapimwa kwa rangi ya kupenya kikaonekana safi bila vishimo, basi ipelekwe ikachongwe mchongoko mpya na mfereji wa pembe za mviringo, na unaweza kuitumia huku ukiagiza mpya. Ikiwa urefu hautoshi kwa hayo, itumie kwa kazi nyingine isiyozunguka.